Jellia Jamb, Mtumishi wa Kasri la Oz: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jellia Jamb ni nani?

Ni msichana anayefanya kazi katika kasri la Jiji la Zumaridi, makao ya mtawala wa nchi ya Oz, katika mfululizo wa vitabu vya watoto ulioanzishwa na mwandishi wa Marekani L. Frank Baum mwaka 1900. Baum aliandika riwaya 14 za Oz, na ya mwisho ilitoka mwaka 1920, yeye akiwa amekwisha kufariki. Jellia anapita katika riwaya kadhaa kati ya hizo, aghalabu kwa ukurasa mmoja au miwili tu. Anampeleka mgeni chumbani, anatumwa hiki na kile, anajibu swali, kisha anatoka.

Wasomaji wengi humpita hivyo hivyo. Mimi namwona ndiye mtu wa kufuatwa na yeyote anayetaka kujua Oz inatawaliwaje. Jellia amekuwa kasrini chini ya watawala wanne: Mchawi wa Oz, Scarecrow (sanamu ya kutishia ndege iliyo hai), Jenerali Jinjur na Ozma. Kila utawala unapobadilika, maisha yake yanabadilika nao, na mwandishi anayaonyesha mabadiliko hayo bila kuhubiri. Jambo hilo litarudi katika majibu mengi hapa chini.

Mbona silikumbuki jina lake katika kitabu cha kwanza?

Kwa sababu halimo. Katika The Wonderful Wizard of Oz (1900) anaitwa msichana wa kijani, basi. Dorothy, msichana aliyefika Oz kutoka Kansas, na wenzake wanapofika kasrini, Askari mwenye Ndevu za Kijani anapuliza kipenga cha kijani, na papo hapo anaingia binti aliyevaa gauni la hariri ya kijani, nywele za kijani, macho ya kijani. Anainama mbele ya Dorothy na kumwambia amfuate akamwonyeshe chumba chake.

Ukirudia ukurasa huo polepole utaona mengi. Dorothy ametembea siku nyingi, amelala porini, na anaogopa kuonana na mtawala ambaye kila mtu anamzungumzia kwa hofu. Sasa anafunguliwa chumba chenye kitanda laini, mashuka ya hariri, chemchemi ndogo katikati inayorusha manukato ya kijani, na rafu ya vitabu vidogo vyenye picha za kuchekesha. Kabatini mna magauni mengi, na yote yanamkaa sawasawa. Msichana anamwambia ajisikie yuko nyumbani, na akitaka chochote apige kengele.

Kisha anarudi kuwachukua wengine, mmoja mmoja. Scarecrow anapewa chumba ingawa halali: anasimama usiku kucha pale pale mlangoni akimtazama buibui akifuma utando pembeni. Mkata Kuni wa Bati analala kitandani kwa mazoea tu, akinyoosha viungo vyake mpaka alfajiri visigande. Simba Mwoga anajikunja kama paka na kukoroma. Hakuna aliyeulizwa kama anastahili chumba. Wote wamehudumiwa kama wageni wa heshima, na anayefanya hivyo ni mtu ambaye kitabu hakikuona haja ya kumpa jina.

Tunajuaje kwamba msichana wa kijani ndiye Jellia?

Jina linatolewa katika kitabu cha pili, The Marvelous Land of Oz (1904). Huko tunakutana na binti wa kasri lile lile, mwenye nywele na macho ya rangi ile ile, na Scarecrow anamtambua mara tu anapoingia. Mwaka 1939 Ruth Plumly Thompson, aliyeendeleza mfululizo baada ya Baum, alimweka Jellia miongoni mwa wale waliokuwepo Dorothy alipofika Jiji la Zumaridi kwa mara ya kwanza. Kwa wapenzi wa Oz suala hilo limekwisha.

Nywele zake ni za kijani kweli, au ni ile miwani?

Swali zuri. Katika kitabu cha kwanza kila anayeingia jijini hufungwa miwani ya kijani inayofungwa kwa kufuli, na baadaye Mchawi anakiri kwamba sehemu kubwa ya ukijani wa jiji inatokana na miwani hiyo. Baum anaweka ushahidi mdogo mzuri sana. Msichana wa kijani anamvika Dorothy gauni la kijani na kumfunga mbwa wake Toto utepe wa kijani. Wakishatoka nje ya lango na kuvuliwa miwani, Dorothy anashangaa kuona gauni ni jeupe pe, na utepe nao ni mweupe.

Kwa hiyo msimulizi wa kitabu cha kwanza anapotuambia nywele ni za kijani, neno lake pekee halitoshi. Gauni nalo alituambia ni la kijani. Lakini maelezo hayo hayo ya nywele na macho yanarudiwa katika kitabu cha pili, na katika vitabu vya baadaye jiji linabaki kijani ingawa wageni wanaingia bila miwani. Mimi nashikilia kwamba ni za kijani kweli. Anayeshikilia vingine ana hoja, na hawezi kulaumiwa.

Ametoka wapi?

Kaskazini, nchi ya Wagillikin. Anasema mwenyewe mbele ya mfalme katika kitabu cha pili, kwa sentensi moja. Habari za wazazi wake au za jinsi alivyofika kasrini hazimo. Sentensi hiyo moja, hata hivyo, ndiyo inayozaa kisa chake kikubwa.

Kisa cha ukalimani ni kipi?

Kiko katika sura ya 7 ya The Marvelous Land of Oz, na kama utasoma ukurasa mmoja tu unaomhusu Jellia, soma huo.

Mchawi ameshaondoka na puto lake, na Scarecrow ndiye mfalme. Anafika mgeni peke yake, Jack Pumpkinhead, mwili wa miti na kichwa cha boga, aliyetengenezwa na mvulana aitwaye Tip na kutiwa uhai kwa unga wa kichawi. Jack anamwambia mfalme kwamba ametoka nchi ya Wagillikin, yaani ni mgeni, kwa hiyo haielewi lugha ya mfalme. Scarecrow anakubali kabisa. Yeye anasema lugha ya Wamunchkin, watu wa mashariki ya Oz, ambayo ndiyo ya Jiji la Zumaridi, basi ni wazi hawawezi kuelewana. Mazungumzo haya yote wanayafanya wakielewana neno kwa neno. Wanaafikiana kwamba atafutwe mkalimani, na askari anatumwa.

Wakati wa kusubiri, Scarecrow anamkaribisha mgeni kwenye kiti. Jack anamkumbusha kwamba haelewi, kwa hiyo akitaka aketi ampe ishara. Mfalme anashuka kwenye kiti chake cha enzi, anasogeza kiti nyuma ya Jack, kisha anamsukuma akaanguka juu ya mito, miguu huku, mikono kule. Anamuuliza kama ameielewa ishara. Jack anajibu ameielewa vizuri sana, huku akikigeuza kichwa chake kitazame mbele tena.

Hapo ndipo askari anaingia amemshika Jellia mkono. Baum, ambaye katika kitabu cha kwanza alimpa gauni tu, safari hii anamvalisha kwa makini: sketi ya hariri, soksi zilizotariziwa maganda ya njegere, viatu vya satini vilivyopambwa vishada vya majani ya saladi, na kikoti chenye zumaridi zinazometa, zote saizi moja. Scarecrow anafurahi kumwona, anamwita kwa jina, anamuuliza kama anajua lugha ya Wagillikin. Anajibu ndiyo, kwani alizaliwa kaskazini.

Anaambiwa amuulize mgeni kilichomleta. Haulizi. Anamtazama Jack kwa mshangao na kumwambia kwamba yeye ni kiumbe wa ajabu, nani kamtengeneza? Jack anajibu ni mvulana aitwaye Tip. Mfalme anataka kujua amesema nini. Jellia, kwa sauti ya adabu, anamwambia mfalme kwamba mgeni amesema akili za mfalme zinaonekana zimelegea.

Scarecrow anajipapasa kichwa, maana akili zake alizipewa na Mchawi na anazionea fahari. Anashusha pumzi na kusifu jinsi ilivyo jambo jema kujua lugha mbili, kisha anaagiza mgeni aulizwe kama ana kipingamizi cha kufungwa jela kwa kumtukana mtawala. Jack anaruka kujitetea, lakini mfalme anamkatiza: asubiri kwanza Jellia atafsiri! Jack anakubali kusubiri, na Jellia anatafsiri kwamba mfalme anauliza kama una njaa. Jack anasema yeye hali chakula. Mfalme anasema hata yeye vivyo hivyo, kisha anauliza tena, amesema nini? Jellia anajibu kwamba ameuliza kama mfalme anajua jicho lake moja limechorwa kubwa kuliko lingine.

Hapo mfalme anaanza kushtuka. Anamtazama binti kwa jicho kali na kumuuliza kama kweli anazijua lugha zote mbili. Anazijua, asema Jellia, akijikaza asicheke mbele ya mfalme. Sasa mbona mimi mwenyewe naonekana kuzielewa? Kwa sababu ni moja na ile ile, anasema, na kicheko kinamtoka. Oz nzima ina lugha moja tu.

Kisa hicho ni mzaha tu, au kuna zaidi?

Ni mzaha, na ni mzaha uliosukwa vizuri. Lakini angalia nani anajua na nani hajui. Mfalme mwenye akili kuliko wote nchini, kwa sifa yake mwenyewe, ameamini kwamba tofauti ya mahali pa kuzaliwa ni lazima iwe tofauti ya lugha. Mgeni ameamini hivyo pia. Askari ametii amri na kwenda kutafuta mkalimani bila kusema kitu. Anayejua ukweli ni mtumishi, kwa kuwa ndiye aliyehama kweli kutoka nchi moja hadi nyingine na anajua huko watu wanasemaje. Wenzake wanafikiri juu ya mipaka, yeye ameivuka.

Hauweki ukweli wazi mara moja. Anauacha upuuzi ukue mpaka mfalme aulize swali sahihi mwenyewe. Mwalimu mzuri hufanya hivyo hivyo.

Mbona hakuadhibiwa kwa kumdhihaki mfalme?

Kwa sababu mfalme ni Scarecrow. Aliposikia ukweli alipata nafuu: kumbe angeweza kuwa mkalimani wake mwenyewe! Karipio lote linamwendea Jack, anayeonywa asithubutu tena kufikiri. Jellia haambiwi hata neno.

Linganisha na utawala uliotangulia. Chini ya Mchawi, kitabu cha kwanza kinatuambia kwamba hata wanaomhudumia hawamwoni uso kwa uso. Askari mwenye Ndevu za Kijani anasema hajawahi kumwona. Amezungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Msichana wa kijani wa wakati ule ni mpole na mwema, lakini hacheki. Anainama, anatoa maelekezo, anaondoka. Jellia wa kitabu cha pili anasimama mbele ya kiti kile kile cha enzi na kumwambia mfalme kwamba akili zake zimelegea. Tabia hiyo haikuota ghafla. Naamini ilikuwepo siku zote, ila kwa mtawala anayejificha na kutisha watu haikuwa na pa kutokea.

Jinjur alipoteka jiji, Jellia alikuwa wapi?

Jinjur ni msichana anayeongoza jeshi la wasichana wenye sindano za kufumia, wamechoka kupika na kufagia, na wanazitaka zumaridi za jiji. Wanaliteka bila kumwaga damu. Scarecrow anatoroka, Jellia anabaki kasrini.

Msomaji angetegemea kwamba utawala wa wasichana ungekuwa neema kwa msichana wa kazi. Jinjur anatangaza kwamba wanawake wamepumzika, na Scarecrow anaporudi kwa muda anawakuta wanaume wakifagia na kulea watoto, hoi. Mmoja anayeulizwa wanawake waliiwezaje kazi ngumu hivi anajibu kwamba labda wao wameumbwa kwa chuma. Baum alikuwa mkwe wa Matilda Joslyn Gage, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake Marekani, na nadhani katika jibu la mwanaume huyo ndimo huruma yake ilipo, zaidi ya katika maandamano ya Jinjur.

Kwa Jellia, hata hivyo, utawala huu ndio mbaya kuliko yote. Glinda, mchawi mwema wa kusini, anakuja na jeshi lake kumtaka kizee Mombi, mchawi mbaya anayejua siri ya mrithi wa kweli wa Oz aliyepotea. Mombi amejificha kasrini kwa Jinjur. Ili asitolewe, anabadilishana sura na Jellia: binti anageuka kizee mwenye sura ya kutisha, na Mombi anatembea kasrini kwa sura ya binti. Kisha Jinjur anampeleka kwa Glinda huyo Mombi wa uongo.

Jellia anafikishwa mbele ya Glinda akitetemeka. Anaulizwa jina lake. Hathubutu kulitaja, kwa kuwa Mombi ameapa kumuua akifichua hila. Fikiria hapo alipo: mbele yake kuna maadui wa Mombi, nyuma yake kuna Mombi, na mwili alio nao si wake.

Kwa hiyo alikuwa msaliti?

Hapana, na swali hili huniudhi kidogo kila linapoulizwa. Hakuchagua chochote. Alichukuliwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kwa kuwa hana cheo cha kumkinga. Glinda, baada ya kumhoji, anagundua kwamba huyu si Mombi, anatamka maneno machache, na Jellia anarudi katika umbo lake, huku Mombi kule kasrini akirudi katika lake.

Kinachofuata nakipenda sana. Scarecrow, mfalme aliyefukuzwa, anapaza sauti kwa furaha: ni Jellia! Jack Pumpkinhead anatabasamu na kusema ni mkalimani wetu. Hao wawili aliowachezea shere ndio wanaomtambua kwa furaha. Jellia anaeleza hila yote na kumwomba Glinda ulinzi, na anaupata bila masharti.

Chini ya Ozma kazi yake ni ipi?

Mwisho wa kitabu cha pili Ozma, mrithi wa kweli, anapatikana na kukaa kwenye kiti cha enzi, na kuanzia hapo Jellia ni mhudumu wa kasri lake. Katika The Lost Princess of Oz (1917) anatajwa wazi kuwa mhudumu wa Ozma mwenyewe.

Kitabu hicho kinaanza na mazungumzo yanayostahili kusomwa mara mbili. Asubuhi Dorothy anafika kwenye vyumba vya Ozma na kumkuta Jellia chumba cha nje. Anauliza kama Ozma ameamka. Jellia hajui, hajasikia neno kutoka kwake. Hajaita maji ya kuoga wala kifungua kinywa, na saa yake imepita sana. Hana wasiwasi, anasema, kwa kuwa hakuna anayekufa Oz, Ozma ni mwenye nguvu za kichawi, na hana maadui wanaojulikana. Lakini ukimya huu si wa kawaida.

Ozma kweli ametoweka. Ameibwa usiku na Ugu, fundi viatu aliyejifunza uchawi, na kitabu kizima ni safari ya kumtafuta. Vyombo vikubwa vya uchawi vilivyokuwa vikilinda nchi vimeibwa naye. Dalili ya kwanza kabisa iligunduliwa na mtu anayejua malkia huoga saa ngapi.

Basi mbona hakuingia chumbani mwenyewe?

Anaeleza. Hakuthubutu kumsumbua bibi yake, ila Dorothy ana nafasi ya pekee, Ozma hatachukia akiingia. Wengine husoma hapa woga wa mtumishi. Mimi nasoma ujuzi wa kazi. Jellia anajua mlango upi ni wake kuufungua na upi si wake, anajua pia nani anaweza kuufungua, na anamwelekeza huyo aufungue. Anachosema kuhusu usalama wa Ozma kinageuka kuwa si sahihi, lakini alichokiona ni sahihi, na alikisema kwa mtu aliyefaa kukisikia.

Pia angalia anavyomwita Dorothy: kwanza kwa upendo, kama mtu wa nyumbani, na dakika moja baadaye kwa cheo chake cha binti mfalme. Mahusiano yao yote yamo humo.

Je, analipwa? Au ni mtumwa?

Si mtumwa, na mshahara hana, kwa kuwa hakuna mwenye mshahara. The Emerald City of Oz (1910) inaeleza kwamba nchini humo hakuna fedha. Mali yote ni ya mtawala, kila mtu hupewa na majirani anachohitaji, na kila mtu hufanya kazi nusu ya muda wake na nusu nyingine hucheza. Hakuna wasimamizi wakali wala wa kukaripia. Baum mwenyewe anasema hadhani mpango huo ungewezekana kwetu, ila Dorothy anamhakikishia kwamba kule unakwenda vizuri.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na hali nyingine: watoto wa jiji walinunua maji ya limau kwa senti za kijani. Ulimwengu wa Oz ulikua kadiri Baum alivyoendelea kuandika, na mambo kama haya hayalingani kila mara.

Bado kuna swali gumu ambalo vitabu haviligusi. Kama wote ni sawa na wote wameshiba, kwa nini mmoja apige kengele na mwingine aje? Katika jiji ambalo Baum analihesabia watu 57,318, mtu wa kufungua milango ya kasri angeweza kuwa yeyote. Ninachoweza kusema ni kwamba Jellia haandikwi popote kama mtu aliyebanwa na kazi yake isipokuwa wakati wa Jinjur, na hata hapo kilichombana kilikuwa uchawi na vitisho, kazi haikuwa na kosa.

Ana umri gani?

Binti mdogo, na atabaki hivyo. The Tin Woodman of Oz (1918) inaeleza kwamba tangu nchi ilipotiwa uchawi na Lurline, malkia wa viumbe wa kichawi, hakuna anayezeeka: mtoto hubaki mtoto, mzee hubaki mzee.

Uhusiano wake na Dorothy ukoje?

Wa upendo tangu siku ya kwanza. Dorothy anapotumwa magharibi kumkabili mchawi mbaya, kitabu kinasema msichana wa kijani alimpenda sana, akamjazia kikapu chakula kizuri na kumfunga Toto kengele ndogo shingoni. Mtawala ametoa amri ya kutisha. Mtumishi ametoa chakula cha njiani. Baadaye, Dorothy anapoondoka kwenda kusini kwa Glinda, askari anapewa mkono, na msichana wa kijani anapigwa busu la kwaheri.

Aliwahi kupata safari yake mwenyewe?

Ndiyo, lakini alisubiri sana. Ni katika Ozoplaning with the Wizard of Oz (1939), kitabu cha 19 na cha mwisho cha Thompson katika mfululizo ule. Mchawi ametengeneza ndege mbili, Ozpril na Oztober, na moja inaruka kabla ya wakati ikiwa na Jellia, Mkata Kuni wa Bati na Askari mwenye Ndevu za Kijani. Wanafika Stratovania, nchi iliyo juu angani, ambako Mfalme Strut anavutiwa na Jellia hata kumpa cheo cha Starina.

Nafurahi kwamba alipewa anga lake. Hata hivyo, Jellia ninayemrudia ni yule wa Baum, anayefanya mambo yake akiwa amesimama mlangoni.

Yumo kwenye filamu ya mwaka 1939?

Hapana. Kuna wahudumu wanaowasafisha na kuwarembesha Dorothy na wenzake wakishafika jijini, lakini hakuna mhusika mwenye jina la Jellia.

Nani alimchora?

Kitabu cha kwanza kilichorwa na W. W. Denslow. Kuanzia cha pili mchoraji ni John R. Neill, aliyebaki na mfululizo kwa miongo kadhaa na kuandika vitabu vyake vya Oz mwishoni.

Nianze na kitabu kipi nikitaka kumfuata yeye?

Anza na sura ya 11 ya kitabu cha kwanza, pale kipenga kinapopulizwa. Ni kurasa chache. Kisha soma The Marvelous Land of Oz chote, kwa sababu kisa cha ukalimani na kisa cha Mombi vinategemeana: kicheko cha sura ya 7 ndicho kinachofanya kimya chake mbele ya Glinda kiumize. Sura ya kwanza ya The Lost Princess of Oz inaweza kusomwa peke yake. Riwaya zote 14 za Baum hazilindwi tena na hakimiliki nchini Marekani, na zinapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Ukimsomea mtoto, isome sura ya ukalimani kwa sauti tatu tofauti, na usimwambie mapema kwamba lugha ni moja.